Wino Uliokataa Kutoka

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Shekinah alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine aiguse: kufunga bidoni za maziwa.

Baba yake, Papa Sebarenzi, alikuwa na ng'ombe wanne kwenye kilima cha Karuba. Akimaliza kukamua, alimimina maziwa katika bidoni mbili nyeupe za plastiki, na hapo zamu ya Shekinah ilifika. Alikata kipande cha sashe, yaani mfuko wa plastiki, akakitandaza kwenye mdomo wa bidoni, akakaza kifuniko mpaka mishipa ya mkono ikamsimama. Kifuniko cha bidoni ya pili kilikuwa na ufa, kwa hiyo aliwasha mshumaa na kudondosha nta juu ya ufa ule. Kisha alilaza bidoni chini, akaiviringisha kwa mguu, akainama kutazama. Hata tone halikutoka.

"Huyu mutoto!" Papa Sebarenzi alisema, akizifunga bidoni kwenye chukudu yake, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, tayari kuzipeleka kwenye kiwanda cha jibini. "Ile barabara inanitikisa mpaka meno inaumana, lakini maziwa yangu inafika kwa fromagerie yote. Wengine wanafika na nusu."

Shekinah alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na sifa hiyo ilikuwa imemwingia kichwani kidogo. Tuseme ukweli: ilikuwa imemwingia sana. Aliamini kwamba hakuna kitu kinachoweza kumwagika kama yeye ndiye amekifunga. Msomaji, likumbuke jambo hilo, kwa maana shida yote ya hadithi hii ilianzia hapo.

Mama yake, Mama Adelaïde, alikuwa mwalimu wa darasa la tano. Sebuleni kwao, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, palikaa kompyuta kuukuu na printa ndogo ambavyo mjomba wa Shekinah alikuwa amevileta kutoka Goma. Umeme ulitoka kwenye paneli ya jua juu ya bati. Mchana, akitoka kufundisha, Mama Adelaïde aliwachapishia watu nyimbo za kwaya, kadi za arusi na matangazo ya kanisa.

Kilichokuwa kikimsumbua ni kartushi, yaani kile kisanduku kidogo cha wino kinachokaa ndani ya printa. Kartushi mpya ilipatikana Goma tu, na bei yake ingenunua kuku watatu wazima. Tena ilikwisha upesi. Nusura airudishe printa kwa kaka yake. Kisha fundi mmoja wa Goma akamfundisha kuijaza upya: unanunua chupa ya wino kwa bei ya kuku mmoja, unavuta wino kwa bomba la sindano, unabandua karatasi ya gundi iliyo juu ya kartushi, unaingiza wino polepole kwenye kitobo. Chupa moja ilijaza kartushi mara nane.

"Kuku moja, mara munane!" Mama Adelaïde alimwambia kila mgeni, hata yule ambaye hakuuliza. "Wasinisumbue tena na cartouche mupya."

Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, na alikuwa amekataza mtu mwingine kugusa wino. Lakini mara tatu Shekinah alisimama mlangoni na ndoo yake ya maji, akatazama. Aliona karatasi ya gundi ikibanduliwa, sindano ikiingia, karatasi ikirudishwa. Ilionekana rahisi kuliko kufunga bidoni.

Alhamisi moja, Directeur Grégoire, mkuu wa shule ambako Mama Adelaïde alifundisha, alifika nyumbani akiwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono.

"Mama Adelaïde, hizi njo mitihani ya darasa ya tatu na ya ine," alisema. "Kila mwaka tunaandikaka kwa tableau, pale kwa ubao. Watoto wa nyuma hawaone muzuri, wanakopia makosa, halafu wanaanguka bure. Sasa nataka kila mutoto apate karatasi yake mu mukono. Kopi mia moja na makumi mbili. Nitakuya samedi, kesho kutwa, saa sita ya mchana."

"Itakuwa tayari, Monsieur le Directeur."

"Kama hii inatoka muzuri, mitihani yote ya mwaka itakuya hapa kwako. Kama haitoke, basi, nitarudilia tableau yangu."

Alipoondoka, Mama Adelaïde alizunguka meza akiimba. Alikuwa amengojea kazi kama hiyo mwaka mzima. Siku ileile alichapisha kopi sitini. Ya sitini na moja ilitoka na maandishi ya kijivu.

"Anker inaisha," alisema bila wasiwasi, kwa maana wino wao waliuita anker. "Kesho niko na mukutano ya walimu kule Mushaki. Nikirudi nitajaza, halafu tutamaliza."

Ijumaa mchana Shekinah alirudi kutoka shuleni pamoja na rafiki yake Olga, mtoto wa jirani. Mama alikuwa Mushaki, Papa alikuwa malishoni. Nyumba ilikuwa kimya, na printa ilikaa pale mezani ikimtazama. Ndipo wazo likamjia. Mama atarudi amechoka, barabara yenyewe ni matope matupu. Je, akikuta kopi zote zimekwisha, zimepangwa vizuri mezani? Shekinah alitaka kumsaidia mama yake, na hilo ni kweli. Alitaka pia kusifiwa na Mama kama alivyosifiwa na Papa, na hilo ni kweli zaidi.

"Mama yako alikuruhusu?" Olga aliuliza.

"Nilisha kuona namna anafanya."

"Mi nimeuliza kama alikuruhusu."

Shekinah alijifanya hajasikia. Alitoa kartushi, akabandua karatasi ya gundi, akavuta wino kwa bomba la sindano. Matone mawili yalimwangukia vidoleni, lakini aliingiza wino polepole kama alivyoona. Kartushi ikawa nzito. Mpaka hapo, hata fundi wa Goma asingemlaumu.

Kisha akakitazama kile kitobo. Kilikuwa wazi, kinamwangalia. Shekinah akawaza bidoni, barabara, chukudu inavyoruka juu ya mawe. Ndani ya printa kartushi hukimbia kushoto na kulia bila kupumzika. Wino si utamwagika wote?

"Olga, nipe ile scotch. Na buji."

Alibandika utepe wa gundi juu ya kitobo, akaukaza kwa kidole gumba. Akawasha mshumaa, akadondosha nta kuzunguka kingo zote, akairudisha karatasi ya gundi juu yake vizuri kabisa, hata nta isionekane. Akaipindua kartushi juu chini, akaitikisa. Hata tone.

"Angalia kazi," alisema. "Hapa hata mupepo haiingie."

Akairudisha kwenye printa, akawasha kompyuta kama alivyomwona mama yake akifanya. Mara kompyuta ikaandika kwa Kifaransa: kartushi tupu.

Shekinah alikodoa macho. "Olga, soma tena."

"Vide. Vide njo tupu."

"Tupu namna gani? Nimetoka kuijaza sasa hivi!"

"Mi sijue. Iko inasema tupu."

Alibonyeza hivyohivyo. Karatasi ya kwanza ikatoka nyeusi, safi, hata Olga akapiga makofi. Ya pili ikatoka safi vilevile. Ya tatu ilianza nyeusi juu, ikawa kijivu katikati, na chini hapakuwa na neno. Ya nne ikatoka nyeupe kama ilivyoingia.

Alizima, akawasha. Nyeupe. Akatoa kartushi, akaipima mkononi. Nzito. Akairudisha. Nyeupe tena. Ameijaza, lakini kompyuta inasema ni tupu. Tena kama ni tupu, zile karatasi mbili za kwanza ziliandikwa na nini? Na kama imejaa, kwa nini haitoi?

"Labda kompyuta ilisema kweli," Olga alisema.

"Kweli gani? Niliweka na mikono yangu!"

"Basi kwa nini haitoke?"

Shekinah alizima kompyuta. Alirudisha kila kitu mahali pake, akazikunja karatasi zilizoharibika, akazificha chini ya godoro. Vidole vyake vitatu vilikuwa vyeusi. Alivisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau, kwa mchanga. Vikawa safi kila mahali isipokuwa pale penye wino.

"Olga, usiambie muntu."

Olga alifikiri kidogo. "Sitasema. Lakini wakiniuliza, siwezi kudanganya," alijibu, akaondoka.

Mama Adelaïde alirudi kabla jua halijazama, pindo la kitenge chake limelowa matope. Hata chai hakunywa. Alichukua bomba la sindano, akatoa kartushi ili aijaze, akasimama hivyohivyo nayo mkononi.

"Aa? Hii iko nzito."

Aliitikisa karibu na sikio. Aliigeuza, akaiona karatasi ya gundi imekaa mahali pake.

"Jana ilikuwa inaandika kijivu, nikafikiri imeisha. Kumbe imejaa?" Alijicheka kidogo. "Nazeeka."

Kwa kuwa aliikuta imejaa, hakuona sababu ya kuifungua. Aliirudisha, akachapisha. Nusu karatasi ikatoka nyeusi, nusu nyeupe. Akaiamuru printa ijisafishe, kama fundi alivyomwelekeza. Printa ikaunguruma, ikajisafisha, ikatoa mistari mitano, ikanyamaza. Akaisafisha tena. Mistari miwili.

"Sielewe," Mama Adelaïde alisema. "Iko nzito, haiandike. Inaandika kidogo, inaacha. Sielewe kabisa!"

Shekinah alikuwa jikoni akimenyea viazi ndani ya sufuria ili vidole vyake vyeusi visionekane. Baba yake alipoingia kuchukua moto wa kuwasha taa, aliviona.

"Vidole yako iko na nini?"

"Bic yangu ya kuandika ilipasuka kwa shule, Papa."

Uongo ulitoka upesi kuliko wino. Papa Sebarenzi akaitikia "mm" na kwenda zake, na Shekinah akajisikia vibaya sana, kwa maana baba yake hakuwa na sababu yoyote ya kutomwamini.

Mama Adelaïde alitoka nje kutafuta mtandao. Alipanda juu ya jiwe kubwa karibu na zizi, mahali pekee ambapo simu ilishika vizuri, akampigia fundi wa Goma. Sauti ya fundi, iliyotoka kwenye spika ya simu, ilisikika mpaka mlangoni.

"Mama, kuna muntu aliigusa tangu ulijaza wewe mwenyewe?"

"Hapana. Hakuna muntu anaiguskaka hapa. Ni mimi tu."

Shekinah alisimama mlangoni na kisu chake cha viazi. Huu ndio wakati wa kusema, aliwaza, sasa hivi, neno moja tu. Lakini hakulisema.

"Basi kitobo hakina kosa, kwa sababu ilikuwa inaandika muzuri," fundi alisema. "Hiyo ni anker imeharibika, ao cartouche imekufa. Tupa yote mbili, ununue mupya."

"Na mimi niko na kazi ya kesho saa sita!"

"Kesho? Kwa hii barabara? Pole, Mama."

Walipokula, Mama Adelaïde aligusa chakula tu. Papa Sebarenzi alijaribu kumtania, akasema labda printa nayo imechoka kusifiwa mbele ya wageni. Mama hakucheka.

"Nilijisifu sana na ile kuku moja mara munane," alisema polepole. "Sasa angalia. Nimeharibu cartouche na haya mambo ya kujaza-jaza. Kesho nitamuambia Directeur arudilie tableau yake. Na hatakuya tena hapa, najua."

Shekinah alitazama sahani yake. Aliumia, kwa maana mama yake alikuwa anajilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya. Lakini alichanganyikiwa pia, na kuchanganyikiwa huko ndiko kulikomfunga mdomo. Angesema nini? Kwamba ameijaza vizuri, ameifunga vizuri, na bado haitoi? Yeye mwenyewe hakujua alikosea wapi. Aliona afadhali anyamaze mpaka ajue. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, na bado hakujua.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani akingoja Papa amalize kukamua, ndipo alipomwona Mama Adelaïde akitoka nyumbani. Mkono mmoja ulishika kartushi, mwingine ulishika chupa ya wino, zaidi ya nusu bado imejaa. Alikuwa anaelekea kwenye shimo la takataka nyuma ya choo.

Shekinah alitazama ile chupa. Mara tano nzima zilikuwa bado zimo ndani yake. Mama alikuwa karibu kutupa wino mzuri na kartushi nzuri, kwa sababu ya neno moja ambalo yeye alilimeza jana.

"Mama, usimwage!"

Mama Adelaïde aligeuka. Shekinah alikuwa ameanza kulia kabla hajaanza kusema.

"Ni mimi. Ni mimi niliigusa. Jana, ukiwa Mushaki. Nilijaza cartouche, nilitaka ukute kazi imeisha. Ikaandika mbili, halafu ikakataa. Na bic haikupasuka, Papa. Nilikudanganya. Ni anker."

Alinyoosha vile vidole vitatu vyeusi. Ng'ombe alikohoa zizini. Papa Sebarenzi aliweka ndoo ya maziwa chini.

Mama Adelaïde aliigeuza kartushi mkononi, akalitazama lile jiwe karibu na zizi.

"Nilisimama kwa jiwe pale," Mama alisema. "Nikamuambia technicien: hakuna muntu aliigusa. Ulinisikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Mama, sijue nilikosea wapi! Nilijaza muzuri. Nilifunga muzuri."

Papa Sebarenzi aliinua kichwa. "Ulifunga? Ulifunga namna gani?"

"Kama bidoni, Papa. Scotch, halafu buji pembeni yote. Haiwezi kumwagika hata tone."

Papa Sebarenzi akamtazama, kisha akaitazama kartushi, kisha akapangusa mikono kwenye suruali. Kitu kilikuwa kimemjia.

"Mi sijue imprimante," alisema kuhusu printa. "Hata kuiwasha sijue. Lakini kufunga, najua. Shekinah, leta lile kopo ya mafuta kwa jikoni."

Shekinah alileta kopo la mafuta ya kupikia. Juu yake lilikuwa limetobolewa kwa msumari matobo mawili, moja huku na moja kule, kama makopo yote ya mafuta katika kila jiko la pale.

"Mimina kidogo kwa kikombe."

Mafuta yakatiririka bila shida.

"Sasa ziba tobo moja na kidole, umimine."

Shekinah alikandamiza kidole juu ya tobo la pili, akainamisha kopo. Mafuta yalitoka kidogo, yakakatika, yakawa matone, yakasimama. Aliinamisha zaidi. Hayakutoka.

"Mafuta imeisha?" Papa aliuliza.

"Hapana. Iko mengi. Iko nzito."

"Na haitoke."

"Haitoke."

"Toa kidole."

Alitoa kidole. Mafuta yakashuka tena. Shekinah alitazama tobo lile dogo, akatazama kidole chake cheusi kilichokuwa kimeliziba, na taratibu uso wake ukafunguka.

"Hewa," alisema. "Hewa haikuwa na mahali pa kupita!"

"Njo hivyo. Ile bidoni unafunga kwa sababu hatutaki maziwa itoke njiani. Ikifika kwa fromagerie, kitu ya kwanza wanafanya ni nini? Wanafungua. Lakini hii cartouche iko kazini. Wewe umeifunga kama inaenda safari."

Mama Adelaïde alijipiga paji la uso. "Kitobo ya pumuzi! Technicien alinionyesha. Ile karatasi ya juu mimi naiwekaka bila kukaza, naacha nafasi kidogo. Kama angejua kuna muntu aliigusa, angeniambia tu niifungue niangalie!"

Waliingia ndani wote watatu. Papa Sebarenzi alishika taulo, ingawa hakuna aliyemwomba. Mama alibandua karatasi ya gundi, na nta ikaonekana, imezunguka kitobo vizuri sana.

"Kazi ni safi," Papa alisema, "siwezi kukataa." Mama akamtupia jicho, naye akanyamaza.

Mama aliikwangua nta kwa pini, akivutia nje ili isiangukie ndani, kisha akautoa utepe. Akaikalisha kartushi juu ya kipande cha karatasi laini. Doa jeusi likaanza kutanda, dogo, halafu kubwa. Aliirudisha kwenye printa na kuchapisha. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari mistari. Ya pili nusu nzuri. Ya tatu ikatoka nyeusi, na ya nne, na ya tano, na ya kumi. Mama Adelaïde hakuimba, lakini mabega yake yalishuka.

Shekinah alipewa kazi ya kupanga kopi kumi kumi. Kompyuta ilikuwa bado inaandika neno lilelile la jana.

"Mama, bado inasema tupu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini inaandika. Hapa njo sielewe kabisa."

Mama Adelaïde alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Kompyuta haioni anker, mutoto wangu. Inahesabu tu karatasi. Hesabu ikifika mwisho, inasema tupu. Sisi tukijaza, hakuna muntu anaiambia. Kwa hiyo inasema yenye inajua, na yenye inajua haiko kweli."

Aliisogeza kopi moja mahali pake, akaendelea.

"Na mimi jana, kwa lile jiwe, nilikuwa kama hii mashine. Nilisema yenye nilijua. Hakuna muntu aliigusa. Technicien naye akashika ile neno yangu, akasema tupa. Wote wawili tulipotea, na hatukuwa wajinga. Kitu moja tu ilikosekana, na ilikuwa kwako."

Machozi yalimrudia Shekinah. "Niliogopa, Mama. Nilitaka kwanza nijue kosa iko wapi."

"Ungeijua wapi peke yako? Wewe ulijua buji. Mimi nilijua kitobo. Papa yako alijua kopo ya mafuta. Kugusa bila ruhusa ni kosa, na tutaongea juu ya ile. Lakini kosa yenye imesemwa inatengenezeka. Yenye imefichwa inaharibu hata vitu vizima. Leo kidogo tu nimwage anker nzima mu shimo."

Zilipobaki kopi nane, Directeur Grégoire alibisha hodi. Alipewa kikombe cha maziwa, akaketi, akazipokea kopi zilizokuwa tayari na kuzipitia moja moja. Alitikisa kichwa kwa furaha. Hata mtoto wa benchi la mwisho angeweza kuzisoma. Shekinah alipomletea zile za mwisho, mkuu wa shule aliviona vidole vyake.

"He! Na wewe, bic ilikupasukia?"

Jibu lilikuwa limeandaliwa tayari, limewekwa mdomoni mwake kabisa. Kilichobaki ni kusema ndiyo. Papa Sebarenzi aliangalia dirishani. Mama Adelaïde aliangalia printa.

"Hapana, Monsieur le Directeur," Shekinah alisema. "Ni anker. Nilijaza cartouche ya Mama bila kumuomba ruhusa, nikaiziba na buji, karibu mitihani yenu isitoke. Halafu nikaficha."

Directeur Grégoire aliweka kikombe chini. Alimtazama Shekinah, kisha akamtazama Mama Adelaïde.

"Na imetoka muzuri hivi?" alisema. "Basi mukishapita pale, hakuna kitu itawashinda. Mitihani ya Noeli nitaleta hapa hapa." Akacheka, akazifunga kopi zake kwenye sashe zisilowe, akaondoka.

Mambo hayakuishia kwenye kicheko. Kwa wiki mbili Shekinah alikatazwa kukaribia meza ile, na aliosha vyombo vyote bila kusaidiwa. Wino wenyewe ulikaa vidoleni siku kumi na moja, na kila aliyemuuliza alielezwa ukweli, mpaka Olga akachoka kuusikia.

Wiki mbili zilipokwisha, kartushi ilianza tena kuandika kijivu. Mama Adelaïde alimwita, akaweka mezani chupa ya wino, bomba la sindano na kipande cha karatasi laini.

"Kaa. Leo utajaza wewe, mimi niko hapa. Lakini kwanza niambie namna utafanya, yote, bila kuruka."

Shekinah alieleza kila hatua, kuanzia kubandua karatasi ya gundi mpaka kuirudisha bila kuikaza ili hewa ipite. Kisha akaongeza moja ambayo hakuna aliyemfundisha.

"Na nikikosea, nitakuambia palepale," alisema.

Mama Adelaïde akamsogezea bomba la sindano.